Mume wangu kaniandikia baiskeli ya umeme bila kuniuliza

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 44, niko hapa Moshi, nina duka la dawa za mifugo na mume wangu ni mwalimu. Jina langu naomba usiliweke maana watu wa kikundi chetu wanakusoma.

Tuna kikundi cha baiskeli, tuko kumi na kitu, wanaume ndo wengi, wanawake tuko watatu. Jumamosi alfajiri tunatoka, mara tunaenda Machame, mara Himo alafu tunapandisha Marangu, na siku tukiwa tumechoka tunashuka barabara ya TPC kule kwenye miwa ambako hakuna mlima. Sasa kikundi kikakubaliana twende likizo Afrika Kusini, tuendeshe kando ya bahari kuanzia Cape Town, tumechanga kwa muda mrefu, tunaondoka mwezi wa tatu. Ratiba ninayo kwenye simu naijua kwa moyo, tunatoka mjini tunapita Hout Bay, tunaingia hiyo barabara inaitwa Chapman's Peak iliyochongwa ubavuni mwa mlima, bahari iko chini yako, kilomita 9 tu lakini ina kona 114. Alafu Simon's Town kwenye wale pengwini, tunazunguka rasi yenyewe, gari linatuvusha mpaka Gordon's Bay, tunaendelea Rooi-Els, Betty's Bay, tunamalizia Hermanus. Huko kote unapanda unashuka, unapanda unashuka.

Tatizo ni mimi. Tambarare naenda nao vizuri, ikianza kupanda nabaki. Yani tukipanda Marangu, wenzangu wanafika juu, wanashuka kwenye baiskeli, wanakunywa maji, wanamenya ndizi, wanapiga picha. Wakiniona natokea kwenye kona wanaanza kuvaa helmeti. Nikikanyaga tu chini na mguu mmoja naambiwa haya, tumefika wote, twendeni. Kwa hiyo aliyechoka kuliko wote ndo asiyepumzika. Sijawahi kusema kitu Anti, nameza maji mafunda mawili naendelea.

Juzi juzi kiongozi akauliza kwenye grupu la WhatsApp nani atakodi baiskeli kule na ya aina gani, maana wengine hatutaki kusafirisha zetu kwa ndege. Mi niko dukani nampimia mteja dawa ya kupe, simu inalia inalia, kuja kuangalia mume wangu kaandika, "Mama watoto atachukua ya umeme, msiwe na wasiwasi, hatutachelewa." Hajaniuliza. Hatujawahi hata kuongelea. Chini yake watu wamejaza makofi, mmoja kaandika "afadhali", mwingine kasema ya umeme si ni pikipiki tu lakini sawa.

Hilo neno afadhali limenikaa kifuani mpaka leo. Na hilo la hatutachelewa. Kumbe muda wote nilikuwa nawachelewesha na mume wangu alikuwa analijua, na naanza kuhisi ananionea aibu.

Nikueleze kidogo uelewe kwa nini inaniuma hivi. Nyumbani kwetu msichana kupanda baiskeli ilikuwa mwiko, baba alikuwa nayo lakini sisi mabinti kazi yetu ilikuwa kuisukuma ikiwa na mkungu wa ndizi juu. Aliyenifundisha kuendesha ni huyu huyu mume wangu, tukiwa tumeshazaa, jioni kwenye uwanja wa shule anakofundisha, ananishikia kiti kwa nyuma anakimbia na mimi. Baadaye daktari akaniambia sukari yangu iko mpakani, nikakazana na baiskeli na ikashuka. Sasa watoto wako bodingi, tumebaki wawili, na Jumamosi ndo siku tunayoongea kama watu.

Sijamwambia kitu. Yeye anadhani limeisha. Nimewaza nikubali hiyo ya umeme yaishe, nimewaza nishikilie ya kawaida niwe wa mwisho wiki nzima, kuna gari la mizigo naweza nikawa napanda kwenye milima, na kuna siku nawaza niseme tu duka halina wa kuliachia nisiende kabisa. Nusu ya hela tumeshalipa na hairudi. Jibu la baiskeli linatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Nifanyeje Anti?

Wa mwisho mlimani, Moshi

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi, na kila nikifika pale unapowekea mguu chini na wenzako wanaondoka nilikuwa nasimama kidogo. Asante kwa kuniamini nayo.

Nikikuelewa vizuri hapa kuna mambo mawili na yamekuja pamoja mpaka yanaonekana ni moja. Kuna suala la miguu yako na milima, kwamba kwenye mwinuko unabaki nyuma na safari yenyewe ni ya miinuko. Alafu kuna suala la mtu uliyemwamini kukujibia mbele za watu bila kukuuliza, tena yule yule aliyekushikia kiti ukajifunza. Hilo la kwanza lina majibu mengi, hata fundi baiskeli anaweza kulisaidia. La pili hakuna baiskeli itakayolitatua, iwe ya umeme iwe ya kawaida, na nakuona kama unataka kulimaliza kwa kuchagua baiskeli.

Ngoja nianze na hilo la pili maana ndo linalouma. Unasema unahisi mume wako anakuonea aibu. Inawezekana, mimi simjui. Ila nimetafuta kwenye barua yako aliposema hivyo sijapaona, nimeona alichoandika kwenye grupu, na maneno yale yanaweza kutoka kwa mtu mwenye aibu na yanaweza pia kutoka kwa mtu mwenye hofu. Huyu ni mtu anayekusikia ukipumua kwa shida kwenye kilima, anajua habari ya sukari, na huenda amesikia maneno ya watu ambayo wewe hujayasikia akaona bora ayawahi yeye kabla hayajakufikia. Au pengine kichwani kwake bado wewe ni yule wa uwanja wa shule, ambaye akiachiwa ataanguka. Simtetei, kukuandikia jibu bila kukuuliza ni kukukosea hata kama nia ilikuwa njema. Nasema tu kwamba tafsiri ya aibu umeitoa wewe peke yako, ukiwa dukani na simu mkononi, na tangu siku hiyo umeibeba bila kumpa nafasi ya kusema alichomaanisha.

Na huyo wa "afadhali" pia. Wewe umesikia "afadhali tutaachana na mzigo". Lakini kwenye kikundi cha watu wazima kumi na kitu siamini kwamba wewe peke yako ndo unaogopa hiyo milima, huenda kuna mtu goti linamsumbua na alikuwa anasubiri mmoja aanze kutaja ya umeme. Sijui, na wewe hujui. Ni neno moja kwenye simu, halina sauti wala sura.

Sasa tuje kwenye milima yenyewe, maana nilimtafuta jamaa mmoja wa hapa Arusha aliyewahi kuendesha kule nikamsumbua kwa maswali. Wewe unapanda kutoka Himo mpaka Marangu Mtoni. Hiyo ni zaidi ya mita 400 za kupandisha kwa mfululizo, unajua hilo? Chapman's Peak pale juu kabisa haifiki mita 200 kutoka usawa wa bahari. Kile kilima cha kutoka Hout Bay ambacho watu wa kule wanakiogopa, wanakiita Suikerbossie, ni kilomita mbili hivi. Kwa hiyo ukiulizwa kama unaweza kupanda kilima kimoja cha kule, jibu unalo kila mnapoenda Marangu. Ugumu wa kule ni kwamba hakiishi kimoja, ukishuka unapandisha tena. Kuzunguka ile rasi kama wanavyofanya kwenye mashindano yao makubwa ni kilomita 109, na ukijumlisha vipandio vyote inapita mita elfu moja, wao wanamaliza kwa siku moja nyinyi mtagawa. Alafu kesho yake unaamka miguu imekaza na unapanda tena. Hicho ndo kitu ambacho Jumamosi moja moja haikupimi. Ukitaka kujijua, tafuta siku za kuendesha mfululizo, leo Marangu kesho Machame, uone mwili unasemaje siku ya pili. Na kwa kuwa una historia ya sukari, muone daktari wako kabla, umuulize kuhusu kula na kunywa ukiwa barabarani siku nzima.

Kingine ambacho sijakiona kwenye barua yako ni upepo. Kule kiangazi kuna upepo wa kusini mashariki, unavuma mpaka una jina lake. Mwezi wa tatu mara nyingi unaanza kupungua lakini hauna ahadi, mwaka 2017 hayo mashindano yao yalisitishwa asubuhi ile ile, mwezi wa tatu huo huo, upepo ulikuwa unawang'oa watu na baiskeli zao, na kulikuwa na mambo mengine pia ya moto na barabara. Nakwambia hili si kukutisha. Kwenye upepo kikundi kinahitajiana, yule wa nyuma anajificha nyuma ya mwenzake anapumzika, na anayeachwa peke yake ndo anayekula upepo wote. Kwa hiyo tabia ya kikundi chenu ya kuondoka wewe ukifika, ambayo Marangu inakuchosha tu, kule inaweza kuwa hatari. Hiyo si habari ya udhaifu wako bali ya jinsi kikundi kinavyoendesha, na watu wote wanahusika.

Turudi kwenye machaguo yako.

Baiskeli ya umeme kwanza, na nakuomba uiangalie kama vile hakuna mtu aliyekuchagulia. Si pikipiki, usipokanyaga haiendi, mota inaongezea nguvu yako tu na nyingi zinakata msaada ukifika kama kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo kwenye tambarare utakuwa unatumia miguu yako kama wenzako, kwenye mlima na upepo ndo utaiona faida. Itakuweka karibu na mume wako barabarani. Ubaya wake ni nzito, mara mbili ya baiskeli ya kawaida au zaidi, betri ikiisha mlimani utaijua, na kwenye mteremko wa kona nyingi uzito ule unataka mkono uliozoea breki. Na huwezi kuizoea huku alafu ukasafiri nayo, betri za ukubwa huo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, lazima ukodi kule kule. Na kuna risiki nyingine, kwamba unaichukua na bado unaona umeshindwa, kila kilima ukikimaliza unajiambia si mimi ni mota. Hilo unalijua wewe tu kama litakuwa hivyo au la. Kuna watu wanapanda za umeme wana furaha zao na hawadaiwi maelezo na mtu.

Ya kawaida. Hapa nina swali ambalo nashangaa hakuna aliyekuuliza, baiskeli yako ya sasa ina gia gani? Maana hizi za mtumba tunazonunua huku nyingi zinakuja na gia za watu wa mbio, mlimani unakuwa unasukuma chuma. Fundi mmoja wa hapa mjini alinieleza hivi, mbele ukiwa na meno 34 na nyuma meno 34, pedeli ikizunguka mara moja tairi nalo linazunguka mara moja, unapanda taratibu lakini bila kuua magoti. Za kukodi unaweza kuomba yenye gia nyepesi hivyo. Haitakufanya wa kwanza, utakuwa bado wa mwisho, ila ufike juu unaongea na siyo unahema. Swali ni kama kuwa wa mwisho kunakuumiza kwa sababu ya mwili au kwa sababu ya macho ya watu. Maana kama ni macho ya watu, gia hazitasaidia sana, na wiki nzima ni ndefu.

Gari la mizigo. Watu wengi kwenye safari za namna hii wanapanda gari kipande kimoja wakichoka na hakuna anayehesabu, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuingia kwenye gari kwa sababu wewe umesema leo imetosha na kuingizwa kwa sababu kikundi kimeangalia saa.

Na hilo la kusema duka halina mtu. Mdogo wangu, kutokwenda ni haki yako, hela iliyolipwa isikuburuze mahali usipotaka kuwa. Ila ukitumia duka kama kisingizio, mume wako atakwenda na kikundi, atarudi na picha na habari zao, na wewe utakuwa umebaki na siri ambayo hana hata habari kwamba ipo. Hizo Jumamosi ulizosema ndo mnaongea kama watu, naogopa ndo zitakazoguswa kwanza. Kama utaamua kutokwenda, naona ungeenda na sababu yenyewe mkononi hata kama ni ngumu kuisema.

Kuna kitu ningependa ukae nacho kabla hujaongea na mtu yeyote. Unataka nini hasa kwenye hii safari? Kuna sehemu kwenye barua yako unataka kupanda ile milima kwa miguu yako mwenyewe, binti aliyenyimwa baiskeli akaishia kusukuma mkungu. Na kuna sehemu unataka kuwa na mume wako. Zote ni sawa kabisa lakini hazielekei baiskeli moja. Na kumbuka zile barabara za pwani ni nyembamba, mtaendesha kwa mstari mmoja mmoja nyuma ya mwenzio, siyo ubavu kwa ubavu kama mnavyofanya kule kwenye miwa. Maongezi yenu yatakuwa mkisimama, kwenye chakula, jioni. Hata mwenye mota na asiye na mota jioni wanakaa meza moja.

Ukishajua, ongea naye, na isiwe kwenye simu, na isiwe Jumamosi baada ya mlima ukiwa umechoka. Unaweza kuanza na kilichokutokea badala ya alichokosea yeye. "Nilisoma ulichoandika nikiwa na mteja mbele yangu, iliniuma, nilitamani ungeniuliza kwanza. Ulikuwa unawaza nini?" Alafu umuache aongee mpaka amalize. Inawezekana atakwambia kitu cha kukufariji, inawezekana pia atakwambia ndiyo, amechoka kukusubiri, na hiyo itauma zaidi ya grupu. Hiyo hatari ipo na sitakuficha. Ila angalau utakuwa unaumia kwa kitu alichosema na siyo kwa kitu ulichokisoma katikati ya maneno yake.

Alafu nakuomba ujaribu kitu kimoja hapo hapo nyumbani bila kusubiri Cape Town, Jumamosi ijayo mwambie kiongozi, kwa upole tu, kwamba mkisubiriana kilimani saa ya kupumzika ianze kuhesabiwa wa mwisho akifika. Vikundi vingi vya baiskeli vina utaratibu huo. Ona wanalipokeaje. Wakikubali utakuwa umejifunza kwamba walikuwa hawajui, wakinuna utakuwa umejifunza kitu kingine kuhusu watu unaotaka kwenda nao mbali, na vyote viwili vitakusaidia kuamua kuliko mimi ninavyoweza.

Kuhusu huo mwisho wa mwezi, mwandikie kiongozi wewe mwenyewe na jina lako, "habari ya baiskeli yangu nitakujibu mwenyewe, nipe siku chache." Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo, na hayo yatakuwa maneno yako ya kwanza kwenye hii habari. Ukiwa unaongea naye muulize pia gari la mizigo litakuwa mbele yenu au nyuma, kwa sababu likiwa nyuma wa mwisho ana mtu muda wote na anaweza kupanda au asipande anavyojisikia, likitangulia mbele wa mwisho yuko peke yake barabarani, na pale karibu na Smitswinkel, mkishapita Simon's Town, kuna nyani wanaozoea chakula cha wapita njia. Mwambie ukweli kwamba unauliza kwa sababu inaweza kuwa wewe. Alafu niandikie unijulishe kasema nini, na baba watoto naye kasema nini.

Wako, Anti